Vidole Kumi

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, steshenari yangu hujaa vijana. Huja na vyeti kwenye bahasha za kaki na namba ya kitambulisho cha NIDA imeandikwa kwa peni kwenye kiganja. Huyu anaomba mkopo wa elimu ya juu, yule anaomba chuo, mwingine anataka cheti chake cha kuzaliwa kikahakikiwe na wakala wa usajili, RITA, na yote hayo siku hizi hufanyika mtandaoni. Wananiamkia vizuri, nawaitikia, nawapa benchi. Hawa ndio waliofaulu.

Mwaka jana alikuja mmoja mwenye daraja la kwanza, mchepuo wa sayansi. Simu yake ya kupangusa aliitumia kwa kasi ambayo macho yangu hayakuweza kuifuata. Alitaka barua ya kuomba nafasi ya kujitolea wakati akisubiri chuo. Siku hiyo nilikuwa na wateja wengi, nikamwambia: mwanangu, kaa pale kwenye kompyuta ya pembeni uiandike mwenyewe, mimi nitakuja kuipanga tu. Akakaa. Baada ya dakika 20 nikaenda kumtazama. Alikuwa ameandika anwani yake na neno "Ndugu". Kidole kimoja cha mkono wa kulia kilikuwa kikizunguka juu ya kibodi kutafuta herufi, na mkono wa kushoto ameulaza pajani kama mkono wa mgonjwa. Akainua macho, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, niandikie tu, nitalipa."

Nikamwandikia. Alisimama nyuma yangu akinitajia maneno, na maneno yenyewe yalikuwa mazuri, yamepangika, ya mtu mwenye akili. Kazi ilichukua dakika 4. Nikapokea pesa yake kwa kuwa hiyo ndiyo riziki yangu, lakini jioni nilipofunga duka nilikuwa bado namfikiria. Kijana yule ameshika simu tangu yuko shule ya msingi, alinieleza mwenyewe, na wadogo zake nyumbani wana kishikwambi. Miaka yote hiyo ya kugusa kioo haikumpa njia ya kuyatoa maneno kichwani mwake na kuyaweka kwenye karatasi bila kumlipa mtu.

Wazazi wengi wakisikia habari kama hii hugeukia shule. Ni kweli kwamba shule zetu nyingi zina kompyuta chache na wanafunzi wengi, na wakati mwingine umeme hakuna. Lakini kijana huyu hakukulia kwenye nyumba isiyo na kitu. Kuna mtu mzima aliyeingia dukani, akatazama vifaa vilivyopangwa kabatini, akachagua kimoja, akalipa, akakipeleka nyumbani kwa watoto. Swali langu linamhusu huyo aliyechagua. Lakini kabla sijamuuliza, nieleze mimi nilivyojifunza kuandika.

Nilisomea uhazili Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mashine za chapa zilikuwa za chuma, nzito, na kidole kikiteleza kilizama katikati ya vitufe kikachubuka. Wiki za mwanzo hatukuandika neno hata moja lenye maana. Tulilaza vidole vinne vya kushoto juu ya A, S, D na F, vinne vya kulia juu ya J, K, L na nukta-mkato, tukabonyeza hizo hizo asubuhi hadi mchana. Mwalimu alipiga rula mezani, nasi tukabonyeza kwa mpigo mmoja, darasa zima kama watwangaji wanaopokezana mchi. Kutazama mikono kulikatazwa. Aliyetazama, mikono yake ilifunikwa kitambaa.

Mpangilio ule wa herufi tuliourithi ulibuniwa na Mmarekani Christopher Latham Sholes, na mashine yenye mpangilio huo ilianza kuuzwa na kampuni ya Remington mwaka 1874. Wakati akiupanga hakuwa na habari na lugha yetu. Akaiweka herufi A chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole kidogo, dhaifu kuliko vyote. Sasa andika baba, mama, kaka, dada. Andika chakula, andika karatasi, andika nakala. Anayeandika Kiswahili kwa vidole kumi hukitumikisha kidole hicho kutwa nzima, na sisi tuliosomea kazi hii tulitambuana kwacho: jioni kila mmoja alikuwa akikikanda.

Baada ya miezi michache likatokea jambo ambalo ni gumu kumweleza mtu ambaye hajalipitia. Vidole vilianza kujua. Nilifikiri neno, na neno likawa liko kwenye karatasi, bila mimi kupita katikati kutafuta herufi. Hapo ndipo nilipogundua kwamba ninaweza kufikiri sentensi nzima, kisha nyingine inayoijibu ile ya kwanza, kisha ya tatu inayozikosoa zote mbili. Mtu anayetafuta herufi hawezi. Akili yake iko kazini kutafuta M iko wapi, na wazo lililokuja pamoja na ile M limeshaondoka. Ndiyo sababu ujumbe wa kidole kimoja huwa mfupi, hukatwakatwa, sijui huwa cjui na tutaonana huwa 2taonana. Si kwamba vijana wetu hawana la kusema. Lango ni jembamba.

Kwa miaka 30 nilipiga chapa barua za watu wengine. Hapa kuna jambo ambalo lazima niliseme kwa sababu linahusu malezi moja kwa moja. Wakubwa wetu maofisini walikuwa wanaume, nao hawakujua kuandika kwa mashine, wala hawakutaka kujua. Walisema, sisi tukaandika. Kupiga chapa kukahesabiwa kazi ya wanawake, kazi ya chini, kazi ya mikono ya mtu asiye na neno lake mwenyewe. Baba aliyekuwa na binti asiyefaulu sana alimpeleka uhazili. Wa kiume hakumpeleka kabisa. Kisha kompyuta ikaingia mezani kwa kila mtu, kwa daktari, kwa mwanasheria, kwa mhasibu, kwa mwalimu, kwa polisi anayechukua maelezo, na ikabainika kwamba ile kazi ya chini ni kazi ya wote. Lakini dharau ilibaki nyumbani. Mpaka leo sijamwona baba hapa mtaani anayeketi na mwanawe wa kiume na kumwambia, lete mikono, kidole hiki kinakaa hapa. Atamfundisha kuendesha pikipiki, atamfundisha kufunga bomba la maji, na ni vizuri. Kuandika anamwachia kioo.

Turudi kwenye hicho kioo.

Binti yangu ni muuguzi. Ana watoto wawili, wa kiume mwenye miaka 10 na wa kike aliyetimiza miaka 2 na miezi. Miezi kadhaa iliyopita nilikwenda kukaa kwake. Asubuhi ya kwanza nikamwona yule mdogo ameketi mkekani, kishikwambi kimeegemezwa kwenye chupa ya chai, katuni zinaimba, naye anapokea uji kijiko kwa kijiko bila kuutazama. Hakujua anakula nini. Kinywa kilifunguka chenyewe, kama cha kinda. Mama yake alipokiondoa kishikwambi ili akichaji, mtoto alipiga kelele ambazo kwa wanangu nilizisikia wakati wa maumivu tu.

"Mama, nikimnyang'anya hali," binti yangu akaniambia. Alikuwa ametoka zamu ya usiku. Macho yake yalikuwa mekundu.

Sikumkemea, wala simkemei sasa. Mimi nilipokuwa nalea nilikuwa na mama yangu ndani ya nyumba, mashangazi wawili uani, na majirani ambao wangemchapa mwanangu kisha wakaja kuniambia. Yeye ana vyumba viwili vya kupanga nyuma ya ukuta wenye geti, msichana wa kazi anayebadilika kila miezi mitatu, na mume anayefanya kazi mkoa mwingine. Anayemhukumu mama kama huyo kwa kumpa mtoto kioo kwanza amsaidie kumbeba. Lakini kumhurumia ni jambo moja na kunyamaza ni jambo jingine. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora. Mjukuu wangu alikuwa akiimaliza saa hiyo kabla ya saa tatu asubuhi.

Kiswahili kimevipa vifaa hivi majina yanayonifikirisha. Kompyuta ya kubeba tunaiita kompyuta mpakato, na wenzetu wa Kenya husema kipakatalishi. Ndani ya maneno yote mawili kuna kupakata. Kupakata ni kuweka pajani, na mimi tangu utoto wangu nilijua kitu kimoja tu kinachopakatwa: mtoto. Kishikwambi nacho kina kushika ndani yake. Neno hili lilienea sana wakati wa Sensa ya mwaka 2022, makarani walipopita majumbani navyo, na baadaye vikagawiwa walimu. Niliyoyaona asubuhi ile nyumbani kwa binti yangu ni haya: mtoto ameshika, hakuna aliyempakata.

Sitaki kusema kifaa chenyewe ni kibaya. Wazo la kumpa mtoto kompyuta nyepesi kama daftari ni la zamani kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka 1972, kule California katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox, mtaalamu aitwaye Alan Kay aliandika kuhusu kompyuta binafsi kwa ajili ya watoto wa umri wote. Aliiita Dynabook. Akachora watoto wawili wameketi kwenye majani, kila mmoja na kibao chake mkononi. Ni kishikwambi hasa, miaka 38 kabla ya iPad kuingia sokoni mwaka 2010. Ila kibao cha kwenye mchoro ule kilikuwa na kibodi. Kay alikuwa amejifunza kutoka kwa Seymour Papert, mwalimu wa hisabati aliyeshiriki kubuni lugha ya kompyuta ya watoto iitwayo Logo mwaka 1967, na hoja ya Papert ilikuwa kwamba mtoto ndiye aiamuru mashine, mashine isimwamuru mtoto. Kibao kile kilikusudiwa mtoto aandike, achore, atunge mchezo wake mwenyewe na kuubadilisha. Vibao vilipofika kwetu, kibodi ilikuwa imeondolewa, na pamoja nayo likaondoka kusudi.

Mtu ataniambia kwamba herufi zimo ndani ya kioo, ukizigusa zinajitokeza. Ni kweli, zinajitokeza, nazo zinafunika nusu ya kile unachokiandika. Hazina kingo. Kwenye kibodi, vitufe vya F na J vina vivimbe vidogo ili vidole vya shahada vijue nyumbani kwao bila macho. Nina mteja asiyeona, mwalimu, ambaye alianza na mashine ya nukta nundu shuleni na baadaye akajifunza kompyuta. Akija dukani huomba kiti tu. Hupapasa mara moja, akavipata vivimbe viwili, na baada ya hapo wote waliopo kwenye benchi hunyamaza wakimsikiliza anavyoandika. Yule kijana wa daraja la kwanza ana macho mawili mazima.

Ila tofauti kubwa haiko kwenye vitufe. Nilikaa kwa binti yangu wiki tatu nikivitazama vitu hivi viwili kama mlezi, na nikaona hivi. Kishikwambi hakimhitaji mkubwa. Mtoto wa miaka 2 anakiwasha, anapangusa, anapata anachokitaka, kikiisha kinajiletea kingine. Watu hulisifu jambo hili. Husema, ona mtoto wangu alivyo na akili, hakufundishwa na mtu. Na hapo ndipo penye tatizo lenyewe. Kibodi hakuna mtoto anayeijua bila kuonyeshwa. Ukimweka mbele yake peke yake ataipigapiga kisha ataondoka. Ili aimudu, lazima mtu akae pembeni, amshike kidole, amwambie si hicho, ni hiki, arudie kesho na keshokutwa. Kibodi inamdai mzazi muda, kama vile kukuna nazi kunavyomdai mama muda, kama kusuka ukili, kama kushona wavu. Mambo yote tuliyowahi kuwarithisha watoto wetu yalidai mtu mzima aketi. Tumepata kwa mara ya kwanza chombo kisichotudai kitu isipokuwa bando, na tumefurahi mno.

Nimeijaribu hoja hii kwa mfano unaoipinga, maana upo, na uko hapa hapa kwetu mkoani Tanga. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017, katika vijiji vipatavyo 170, karibu watoto 3,000 walipewa vishikwambi vyenye programu za kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Yalikuwa mashindano ya kimataifa yaliyoitwa Global Learning XPRIZE. Wengi wa watoto hao hawakuwa wamewahi kwenda shule. Zaidi ya tisa kati ya kila kumi hawakuweza kusoma neno hata moja. Vifaa vilichajiwa kwa umeme wa jua, na watoto wakaachwa wajifunze wenyewe. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza kusoma neno ilikuwa imepungua kwa nusu hivi. Mwezi Mei 2019 zawadi ya dola milioni 10 iligawanywa kwa washindi wawili, onebillion na Kitkit School.

Sina la kuwakosoa watoto wale. Mahali ambapo mwalimu hayupo na kitabu hakipo, kioo kilichofundisha herufi kimefanya kazi ya heshima, na ningekuwa mama wa kijiji kile ningekishukuru kwa mikono miwili. Lakini natazama kilichokuwa ndani yake. Kulikuwa na masomo yaliyotungwa kwa lugha yao, kwa mpangilio, na watu waliokaa miaka kadhaa kuyatunga. Hakuna aliyewapa ili wanyamaze. Mzazi wa mjini, aliyesoma, mwenye mwalimu wa mtoto wake mtaa wa pili, anaponunua kifaa chenye umbo lile lile na kukijaza katuni zisizo na mwisho, hawezi kujitetea kwa watoto wa Tanga. Wao walikipokea mahali pa mtu ambaye hayupo. Yeye yupo.

Majirani zetu wa Kenya nao wana kisa chao. Katika kampeni za mwaka 2013 ahadi ilikuwa kompyuta mpakato kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Usambazaji ulipoanza mwaka 2016, walichopokea watoto ni vishikwambi. Zilitolewa sababu za umri na za gharama, na sababu hizo zina uzito, kwa maana vidole vya mtoto wa miaka 6 ni vifupi na kifaa cha bei nafuu hufikia wengi. Mimi hilo sina ugomvi nalo. Mtoto wa miaka 6 anahitaji penseli kwanza, na udongo, na mchanga wa kuchoralia. Kwa nilivyoona kwa wajukuu na kwa watoto wa wateja wangu, kibodi huanza kukaa mkononi mtoto anapofika miaka 8 au 9, vidole vikishaweza kufika bila kujivuta. Kabla ya hapo ni kuchezea, na kuchezea si dhambi.

Kwa hiyo nilimwendea yule wa kiume, wa miaka 10. Nyumbani kwao hapakuwa na kompyuta. Nikachukua katoni la sabuni, nikalikata, nikachora kibodi kwa kalamu ya wino mzito, kila herufi mahali pake, na kwenye F na J nikabandika punje ya mchele kwa gundi. Akanitazama kama niliyechanganyikiwa. Nikamweleza kwamba huko Ghana, mwaka 2018, mwalimu Richard Appiah Akoto alijulikana dunia nzima kwa sababu alichora skrini yote ya programu ya kuandikia ubaoni kwa chaki za rangi, shule yake ikiwa haina kompyuta, ili wanafunzi wake wasikose mtihani. Habari hiyo ilimgusa. Akaweka vidole kwenye katoni. Kila jioni, dakika 15, hazizidi. Mimi napiga kijiko kwenye sahani badala ya rula, yeye anabonyeza karatasi. Siku ya nne aliniambia kidole cha mwisho cha kushoto kinauma. Nilifurahi kama niliyesikia amehitimu.

Wiki ya pili nilitoa kompyuta moja ya mezani dukani kwangu, ya mtumba, yenye printa ya zamani, nikaisafirisha kwa basi. Tuliiweka sebuleni, mgongo wake ukutani na skrini ikitazama mlango, na hili nawasisitizia wazazi wenzangu zaidi ya mengine yote. Kifaa cha mezani hakihami. Kinakaa mahali ambapo mama akipita na ndoo anaona, baba akivua viatu anaona, mgeni akikaribishwa anaona. Kishikwambi kinaingia chandaruani saa nne usiku, na mtoto anabaki peke yake na dunia nzima, watu wema na watu wabaya wa dunia nzima, shuka likiwa limewafunika wote pamoja naye. Tusingemruhusu mtu mzima tusiyemjua aingie chandaruani kwa mtoto wetu hata kwa dakika 1.

Najua si kila nyumba itapata kompyuta ya mezani. Katoni kila nyumba inalo. Na kwa aliyekwisha kununua kishikwambi au ana simu janja, vifaa vingi vya Android vinapokea kibodi ya kawaida, iwe kwa waya mfupi wa kuunganishia unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya simu, iwe kwa bluutuzi. Ukikiegemeza kwenye ukuta na kuweka kibodi mbele yake, kinakuwa mashine ya kuandikia, na mtoto anakaa wima badala ya kujikunja. Niliwahi kumfanyia hivyo fundi cherehani jirani yangu kwa ajili ya binti yake aliyeko kidato cha pili. Gharama ya kibodi ilikuwa ndogo kuliko ya vocha zake za mwezi.

Tatizo lililobaki ni nini cha kuandika. Mtoto hawezi kuandika A S D F maisha yake yote, na kunakili kitabu kunachosha. Nilifikiri usiku mmoja, asubuhi nikamwambia mjukuu wangu: leo utaandika ukoo wetu. Mimi nataja, wewe unaandika. Nikaanza na babu yangu mzaa baba, aliyekuwa mkata mkonge Korogwe. Akaandika jina, polepole, vidole kumi, bila kutazama chini. Kisha akasimama.

"Bibi, huyu alikuwa nani?"

Nikamweleza. Nikamweleza jinsi alivyotembea kutoka kwao akiwa kijana, jinsi mikono yake ilivyokuwa na makovu ya miiba ya mkonge, jinsi alivyoweka sahihi kwa dole gumba kwa kuwa hakuwahi kufundishwa herufi. Mtoto alitazama dole gumba lake mwenyewe. Akaniuliza kama alikuwa anaona aibu kuweka dole. Nikamwambia kwamba hakuwahi kusema, lakini yeye ndiye aliyemuuza ng'ombe wake wa pekee ili baba yangu asome. Akaandika pia habari ya ng'ombe. Sikumwambia aandike.

Tuliendelea hivyo siku 9. Majina yalifika 41. Mengine nilikuwa nimeyasahau mpaka nilipopiga simu kwa shangazi yangu Pangani, naye akaniongezea mengine mawili ambayo sikuwahi kuyasikia, watoto waliokufa wachanga. Binti yangu, akitoka zamu, alikuja kukaa kwenye mkono wa kochi badala ya kwenda moja kwa moja kulala, akisikiliza habari za watu wake. Nilimwona siku moja akimsahihisha mwanawe: kidole hicho sicho, baba, cha shahada. Hakuwahi kusomea uhazili. Alikuwa ameokota kwa kunitazama utotoni, nikiwa naleta kazi nyumbani.

Jioni ya mwisho kabla sijarudi Tanga, orodha ilifika kwa wao wenyewe. Kaka aliandika jina lake, akaliandika vizuri, kwa herufi kubwa mwanzoni. Likabaki la mdogo wake. Yule mdogo alikuwa amekaa mkekani na kishikwambi chake, sauti imepunguzwa. Aliposikia anaitwa akainuka, akakiacha pale pale kinaimba, akaja kusimama magotini kwa kaka yake akitaka kuona. Kaka akamnyanyua, akampakata. Akakichukua kidole chake cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidogo kama punje ya harage, akakilaza juu ya A, kwa maana jina lake linaanza na hiyo.

Mtoto alibonyeza na hakuachia. Herufi zikajipanga mstari mzima, zikaanza wa pili, naye akazitazama zinavyokimbia, mdomo wazi.

"Inua kidole," kaka akamwambia. "Hapo. Sasa tena, mara moja tu."